Pumzi ya Mgaya

Sogeeni karibu, na mwenye haraka aondoke sasa, maana nikianza sirudii. Nawaletea watu watatu na mtoto mmoja. Mtoto hana jina mpaka leo, na mimi nimechoka kulifikiria peke yangu.

Wa kwanza ni Mgaya, dereva wa pikapu. Mvua ikinyesha na mteremko wetu ukageuka uji, wenzake wanalaza magari. Mgaya peke yake ndiye anayeshuka.

Wa pili ni Zilipa, mkunga. Mikono yake haijui kutetemeka, na nusu ya kijiji imepita humo.

Wa tatu ni Koplo Bupe, trafiki wa kule barabara ya lami. Huyo haombeki. Alishamkamata baba yake mzazi kwa kupanda pikipiki bila helmeti.

Sasa, asubuhi moja Mgaya alikwenda kumsalimia mama mkwe wake. Ulikuwa msimu wa ulanzi, mvua haikatiki. Kwa nyinyi wa mbali, ulanzi ni maji ya mianzi: yakigemwa asubuhi ni matamu, hata mtoto anakunywa; yakilala, ni pombe. Mama mkwe akaleta kibuyu. "Kunywa, mwanangu, nimegema sasa hivi." Na kweli alikuwa amegema sasa hivi. Ila aliumimina juu ya ulanzi wa jana, nusu kibuyu nzima, akasahau. Mgaya akasikia ukali ulimini. Lakini ni mkwe gani anamrudishia mama mkwe kibuyu? Akanywa mpaka chini.

Hajainuka, jirani yake Kihwele akaja mbio. Mke wa Kihwele, Vumilia, yumo katika uchungu, na kitovu cha mtoto kimetangulia kutoka. Zilipa alikuwa ameshaingiza mkono, anakizuia kichwa cha mtoto kisikibane kitovu. Akitoa mkono, mtoto anakufa; ilibidi wafike hospitali, kule chini, hivyo hivyo.

"Nimekunywa," Mgaya akasema.

"Nani mwingine atashuka?" Kihwele akauliza. Hakukuwa na mwingine.

Wakashuka. Vumilia kwenye godoro nyuma, Zilipa amepiga magoti, mkono ndani, turubai kichwani. Katikati ya mteremko gari likateleza, tairi moja likaning'inia juu ya korongo. Mgaya akalirudisha. Kulirudisha vipi msiniulize, nimekwenda kuzitazama alama za tairi kwa macho yangu na bado siamini.

Walipogusa lami, Koplo Bupe akanyoosha mkono. Akainama dirishani, akanusa, akatoa kipimo cha ulevi. "Puliza hapa."

"Afande, mke wangu anakufa huko nyuma," Kihwele akasema.

"Nimemwona. Ndiyo maana siwezi kumwachia mlevi amwendeshe. Apulize. Akikataa, gari halitoki mpaka mkuu wangu afike."

Kihwele akamnong'oneza Mgaya, "Usipulize. Sema una pumu. Mimi nitamsemesha mpaka achoke."

Nyuma, Zilipa akasema taratibu, "Mkono umekufa ganzi. Sijui kama nitaendelea kushika."

Leseni ndiyo inayowalisha watoto wa Mgaya. Akipuliza, imekwenda. Akikataa, huenda ikapona, lakini watasimama pale wakibishana. Akachukua kipimo, akapuliza pumzi yake yote. Kipimo kikalia. Mgaya akachomoa ufunguo, akamkabidhi koplo.

"Nimelewa, afande. Endesha wewe."

Bupe akapigwa butwaa. Trafiki haachi kituo chake, na hilo hakuna alijuaye kuliko yeye. Akavua kofia, akamwachia mwenzake wa zamu, akapanda, akaondoka na gari lile kama ameliiba. Mtoto akatolewa kwa upasuaji, mzima, analia. Na mama yake mzima.

Basi pale pale mlangoni pa hospitali, Kihwele bado anafuta machozi, Bupe akatoa pingu. Watu walishika vichwa. Manesi walimzomea. Mgaya akanyoosha mikono mwenyewe.

Leseni ya Mgaya imefutwa. Bupe ameshushwa cheo kwa kuacha kituo. Vidole vya Zilipa havikurudi sawasawa, hazalishi tena.

Sasa mtanziko ni huu. Katika ukoo wa Kihwele, aliyemwokoa mtoto ndiye anayempa jina, na anakuwa mzazi wake wa pili maisha yote. Mmoja tu. Wakaitwa wote.

Zilipa akasema, "Ningechomoa mkono, mngefika na maiti."

Bupe akasema, "Ningebaki kituoni kama sheria inavyotaka, mngefia barabarani."

Mgaya hakudai kitu. Akasema, "Nilimpakia mama mwenye uchungu nikiwa na pombe kichwani. Msinipe mimi mtoto wa watu."

Kihwele akalia, akasema bila Mgaya wasingeuvuka mteremko, na bila pumzi yake wangekuwa bado wanabishana pale lami. Akataka jina litoke kwa Mgaya. Ndipo Vumilia akafungua mdomo.

"Wewe ulikaa mbele," akamwambia mumewe. "Mimi nilikuwa nyuma. Tairi lilipokwenda korongoni niliaga dunia. Huyu mtu kaniokoa, na huyu mtu alikaribia kuniua, katika safari moja. Mimi nikimwita mwanangu kwa jina alilompa yeye, nitakuwa nashukuru au nasamehe?"

Mtoto anatambaa sasa, na kwao bado wanamwita "wewe". Haya, nyinyi mliokaa hapa mmenitolea macho: ungekuwa Kihwele, mkeo anakutazama, ungemwinulia nani yule mtoto ampe jina?