Kiganja cha Mpishi

Ndugu zangu, kabla hatujasimama kuomba, twendeni kwanza jikoni kwa mama mmoja, mpishi wa shughuli.

Iwe harusi, msiba au kipaimara, akiitwa yeye watu walijua watakula. Mama yake alikuwa mpishi wa shughuli, na bibi yake kabla ya hapo. Sufuria kubwa ya bibi, yenye sikio moja lililofungwa kwa waya, ndiyo aliyoipikia hadi siku hizo. Wote watatu walionja kwa namna moja: mwiko mkono wa kulia, mchuzi kidogo katikati ya kiganja cha kushoto, ulimi mara moja, kisha kichwa kinatikisika. Bado, au tayari. Wazee wakimwona hivyo walisema, "Mama yake mtupu." Hakuna sifa aliyoipenda kuliko hiyo.

Lakini mwili ulikuwa umemlemea. Magoti yaligoma, sukari ilipanda, usiku alilala ameegemea mito ili apate pumzi. Daktari akamwambia atafanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, siku moja na wagonjwa wengine wawili: dereva wa lori na fundi cherehani. Sharti lilikuwa kwamba kwa wiki mbili kabla ya siku hiyo wasile kigumu wala chenye mafuta. Supu iliyochujwa, maziwa mepesi, maji, basi.

"Ini lenu limejaa mafuta," daktari alisema, "nalo limelala juu ya tumbo. Lisiponywea, sitapata njia. Nikikuta halijanywea, sikupasui."

Fundi cherehani akakata kamba tatu, akapiga mafundo, fundo moja kwa kila siku. Kila alfajiri walipigiana simu wote watatu, na hakuna aliyefungua fundo lake kabla wenzake hawajasema kwamba jana imepita salama.

Na nani alikuwa askari wao? Mpishi. Asubuhi moja alisikia kitu kwenye simu.

"Dereva, unatafuna nini?"

"Mimi? Sitafuni."

"Nimelea watoto watano, mdomo unaotafuna naujua. Ni nini hicho?"

"Korosho, dada. Mbili tu. Nimezikuta hapa kwenye dashibodi."

"Zitupe dirishani. Na zilizomo mdomoni, ziteme. Nisikie."

Akasikia. Fundi cherehani alicheka mpaka akakohoa, na dereva hakuruhusiwa kugusa fundo lake hadi jioni. Tangu siku hiyo wakamwita Afande, naye akaitikia. Akawaambia, "Mimi jana nimepika pilau ya ukoo mzima, na punje haikuingia kinywani. Ninyi mnashindwa na korosho!"

Niwaulize, nani kati yetu angeweza?

Likabaki fundo la mwisho. Wakaenda hospitali kupimwa. Daktari akapitisha kipimo juu ya tumbo la dereva: ini limenywea. La fundi cherehani: limenywea. Kwa mpishi alipitisha, akarudia.

"Mama, umekuwa ukila."

"Mimi?"

"Huyu, daktari?" fundi cherehani alidakia. "Huyu ndiye aliyetulinda sote!"

Kipimo hakikubadilika kwa maneno. Wenzake wangepasuliwa kesho yake. Yeye alipewa wiki mbili nyingine, na akaonywa kwamba akirudi vilevile ataondolewa kabisa kwenye orodha. Wakaketi kwenye benchi la nje. Kisha dereva, yuleyule wa korosho, akasema polepole:

"Afande, usinikasirikie. Ukipika, huonji?"

"Naonja! Mpishi asiyeonja ni mpishi gani? Lakini kuonja nako ni kula?"

Akainua mkono wa kushoto awaonyeshe ni kidogo kiasi gani, akakunja kiganja kama alivyozoea. Akakitazama. Chumvi ya wali, kiganja. Nazi ya maharage, kiganja. Mchuzi wa nyama, mafuta yakielea juu yake, kiganja. Na tena, na tena, sufuria hadi sufuria, shughuli hadi shughuli. Mkono ukabaki hewani.

"Jamani," akasema, "mimi nimekula harusi nzima."

Fundi cherehani hakucheka. Aliichukua kamba ya mpishi akaanza kupiga mafundo upya.

"Tutafungua pamoja."

"Ninyi si mmemaliza?"

"Nani kasema?"

Na kweli, kutoka vitandani mwao, wodini na baadaye nyumbani, sauti zikiwa dhaifu, wawili wale walimpigia kila alfajiri.

Katikati ya wiki hizo ikaja harusi ya binti wa kaka yake. Angekataaje? Alikoka moto, akateleka sufuria ya bibi, kisha akafunga kitambaa kwenye kiganja cha kushoto, akakaza fundo kwa meno. Wasichana waliomsaidia jikoni walijitolea kumwonjea, akawakatalia. Alipika kwa pua, na kwa sikio, akiinama kusikiliza wali unavyokauka chini ya mfuniko. Akaja mama yake mdogo, mdogo wa marehemu mama yake, amevaa kitenge cha shughuli.

"Umeonja?"

"Sijaonja, mama mdogo."

"Unapeleka chakula mbele ya wakwe hujaonja? Unataka dada yangu aaibike huko aliko?"

"Napeleka."

Chakula kikapelekwa. Mpishi akasimama nyuma ya turubai. Kwanza alisikia makelele ya watu wanaopakuliwa. Kisha makelele yakakatika, pakawa na kimya kile cha watu walioshikwa na chakula. Mama mdogo akarudi na sahani tupu.

"Nani amekuonjea?"

"Hakuna."

Mama mdogo akautazama mkono uliofungwa kitambaa.

"Mama yako asingeweza," akasema.

Siku ya kipimo, ini lilikuwa limenywea. Fundo la mwisho alilifungua mlangoni mwa chumba cha upasuaji, dereva na fundi cherehani wakiwa wamesimama pembeni, nguo zimeanza kuwapwaya. Wakamletea kiti cha magurudumu. Akakataa. Aliingia kwa miguu yake, kichwa juu.

Wapendwa, dereva alijua korosho yake ni kosa, ndiyo maana aliificha, na ndiyo maana aliweza kuitema. Mpishi hakuficha kitu. Alionja mbele ya watu, na watu wakamsifu, kwa kuwa ndivyo mama alivyofanya, na bibi. Sisi je? Makubwa tumeyaacha, tunasimama hapa tukiwasikiliza wenzetu wanaotafuna. Lakini lile neno dogo la kumchafua jirani, tunaloliita kupeana habari? Ile dharau kwa mke wa kaka, tunayoiita desturi ya ukoo wetu? Tumeonja kidogo kidogo, tangu enzi za mama zetu, wala hatujawahi kuita huko kula.

Sisemi tuwaonee aibu waliotulea. Yule mama aliipikia sufuria ya bibi yake hadi mwisho. Nasema ipo fahari kubwa kuliko kufanana nao, nayo Mungu anatutakia: mzee wa ukoo atutazame siku moja na kukiri kwamba hili, wao hawakuliweza.

Inueni mkono wa kushoto. Haya, inueni, hata ninyi wa mlangoni. Msitazame wa jirani.

Mnaona nini hapo?