Dawa ya Goti la Mzee Kasanda

"Dawa ya goti hupitia tumboni." Mmeisikia, mmecheka, na sasa mnataka kujua ilitoka wapi. Ilitoka wodini, na ilizaliwa hivi.

Mzee Kasanda, fundi wa reli mstaafu wa Tabora, alilazwa kwa homa ya mapafu, lakini kilio chake kilikuwa goti. Nesi Nyanzala alimpa parasetamoli na kumkanda kwa maji ya moto. Zaidi ya hapo hakuthubutu, maana daktari alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: asipewe diklofenaki, ile dawa ya maumivu, wala dawa za ukoo wake, figo zimechoka.

Siku ya tatu mzee alitembea akitamba. Siku ya nne miguu ikavimba, mkojo ukapungua. Nyanzala akapitia karatasi ya dawa mstari kwa mstari, asione kosa. Akamuuliza mzee kama alikuwa akimeza dawa nyingine. Hapana. Akamuuliza tena. Hapana. Kesho yake choo kikatoka cheusi kama lami, mzee akatundikiwa damu.

Saa ya kuona wagonjwa, akibadilisha foronya, Nyanzala alidondosha pakiti tatu za vidonge. Watoto wa mzee walikuwa wamesimama palepale.

"Nani kaleta hivi?"

"Mimi ni vile vyekundu tu," alisema Maganga, kifungua mimba. "Mtu haji hospitali mikono mitupu."

"Vya njano ni vyangu," alisema Kalunde. "Kimoja tu asubuhi, nesi."

Shija, mdogo wao, alitazama sakafu. "Nilidhani hakuna aliyemletea."

"Rangi tatu, dawa ileile iliyokatazwa!" Nyanzala akamgeukia mzee. "Nawe baba, nilikuuliza mara mbili!"

"Uliuliza dawa, mwanangu. Hizi ni zawadi. Usinigombeze, goti limepona."

"Goti limepona, mwenye goti anakufa! Kwani goti lina mdomo wake? Dawa ya goti hupitia tumboni, baba, na yako imelitoboa tumbo!"

Kisha mzee wa kitanda cha pili akapenyeza mkono chini ya godoro.

"Nesi," akasema taratibu, "nami ninazo."

Wa kitanda cha tano akakohoa. Nyanzala akashusha pumzi, akachukua beseni, akapita kitanda kwa kitanda. Lilijaa.

Mzee Kasanda alirudi nyumbani baada ya wiki tatu, akichechemea, lakini hai. Kila mgeni aliyemletea kidonge alirudishiwa mkononi mwake pamoja na neno moja: dawa ya goti hupitia tumboni.