Mama Aliyeona Haya Kupumua

Wapendwa, kaeni. Naona leo kila mtu amekuja na blanketi lake, na wazee wangu hapa mbele wamevaa makoti mawili mawili. Siwalaumu. Alfajiri majani ya nje yalikuwa meupe kwa baridi, na mimi mwenyewe chini ya joho hili nimevaa vitu ambavyo sitavitaja. Jifunikeni, ila msilale, maana neno la leo limenichoma mimi kwanza.

Palikuwa na mama mmoja, mfuma masweta. Msianze kutazamana, ni mfano tu. Alikuwa na kibanda chake sokoni, akifuma masweta ya shule, na kila mwaka baridi ilipoingia watoto wa mji ule walipata joto kwa kazi ya vidole vyake. Yeye mwenyewe alikuwa na pumu tangu utotoni. Wenye ugonjwa huu mnajua baridi inavyowafanya: kifua kinabana, usingizi unakimbia, na ngazi tatu tu za kanisa zinakuwa mlima.

Lakini mama yule alikuwa amejifunza kuishi na ugonjwa wake. Nesi wa zahanati alimpa vichupa viwili vya kuvuta dawa. Kile cha kahawia alivuta asubuhi na jioni, hata siku anayojisikia mzima, kisha anasukutua mdomo. Kile cha bluu alitembea nacho popote, cha kumwokoa kifua kikibana. Asubuhi akitoka alijifunga skafu puani na mdomoni. Jiko la mkaa halikuingia chumbani kwake. Na kwenye ibada za jumuiya, zile za nyumba kwa nyumba, watu walimwachia kiti cha mlangoni, penye hewa. Miaka minne hakulazwa hata mara moja. Sasa niambieni, huyo hakuwa mtu aliyetunzwa na Mungu?

Basi mwezi wa tatu, kukiwa bado na joto, akaja mhubiri mgeni. Akaombea wagonjwa. Mama naye akapita mbele kama wengine. Mgeni akamwekea kipaza sauti mdomoni, akamuuliza, "Mama, unajisikiaje?"

"Najisikia vizuri," akajibu. Na kweli alijisikia vizuri, dawa ya asubuhi alikuwa ameivuta.

"Waambie watu! Umepona au hujapona?"

Jamani, niwaulize. Watu mia tatu wanakutazama. Kwaya imeshasimama. Wewe ungesema nini? Mama akasema, "Nimepona."

Vigelegele vilivyopigwa siku ile! Akina mama wakamtandikia vitenge apite juu yake. Wiki iliyofuata wakamchagua kuwa kiongozi wa kikundi cha kuombea wagonjwa. Akawa mfano. Kila mwenye maradhi akaambiwa, mwangalie yule.

Mwezi wa sita ukafika, na baridi yake.

Sasa ataendaje zahanati, wakati pale getini akina mama wa kwaya ndio wanauza mboga? Watamwona, watauliza. Cha kahawia kikaisha, hakufuata kingine. Skafu akaivua, kwa sababu kila alipojifunga mtu alimtania, "Mama, si ulipona wewe?" Walitania tu, hawakuwa na nia mbaya. Kikabaki kile cha bluu, nacho akakifunga kwenye pindo la kitenge, ndani kabisa, akawa anavuta akiwa chooni. Mtu mzima, kiongozi wa maombi, anajificha chooni ili apumue. Mimi naona aibu hata kulisimulia.

Jumamosi moja mchana, jumuiya ikawa nyumbani kwa mzee wa kanisa. Mnajua desturi yetu huku kwenye baridi: jiko la mkaa linawekwa katikati, mlango unafungwa, na mgeni wa heshima anakalishwa karibu na moto. Mama alipoingia akaelekea kiti chake cha mlangoni. Mwenye nyumba akamshika mkono.

"Hapana, mama. Njoo huku kwenye moto. Kile kilikuwa kiti cha mgonjwa."

Watu wakacheka kwa furaha. Mama akacheka nao, akaenda kukaa motoni. Angekataaje? Kukataa kulikuwa sawa na kusimama na kusema, niliwadanganya.

Wimbo wa pili kifua kikaanza kubana. Wimbo wa tatu akawa anachezesha midomo tu, sauti haitoki. Akanyanyuka kidogo, akasema, "Mzee, naomba nitoke mara moja."

"Utoke uende wapi, mama, na ibada ndiyo imenoga?"

Akakaa. Mke wa mzee alikuwa ubavuni pake, akaona midomo inabadilika rangi. Akamwinamia, "Dada yangu, una nini?"

"Nimepaliwa."

"Hujapaliwa wewe. Dawa yako unayo?"

Dawa alikuwa nayo. Ilikuwa pajani pake, kwenye pindo la kitenge. Akatikisa kichwa.

Ngoja, tusikimbie hapa. Kwa nini alitikisa kichwa? Alikuwa na watoto nyumbani. Alikuwa na masweta nusu nusu kibandani. Hakutaka kufa. Lakini kati ya kukosa pumzi na kuitoa dawa mbele ya macho ya waliompigia vigelegele, aliona heri akose pumzi.

Mke wa mzee hakubishana. Alisukuma mlango kwa bega, akamburuta mama hadi nje, nyuma ya banda la kuku. Huko mama akaanza kuhangaika na lile fundo, na kwa pumzi aliyobakiwa nayo akasema, "Geuka. Usinitazame."

Mwenzake akageuka. Nyuma yake akasikia kichupa kikilia, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na pumzi ikirudi kidogo kidogo. Kisha wakamkimbiza kituo cha afya kwa bodaboda, akalazwa siku mbili.

Mnadhani jumuiya ilikwenda kumwona na uji? Ilikwenda barua. Wazee walikaa, wakaamua kwamba ushuhuda wake ulikuwa wa uongo, asimame mbele ya kanisa aungame.

Jumapili iliyofuata kanisa lilijaa, kama linavyojaa siku za kumtazama mwenye kosa. Mama akapita mbele. Skafu shingoni, kichwa chini.

"Ni kweli nilisema uongo," akasema. "Pumu ninayo, na huenda nitazikwa nayo. Nilimsingizia Mungu jambo ambalo hakulifanya. Naomba mnisamehe."

Yule mzee mwenye nyumba akasema, "Tumekusamehe. Kaa."

Mama hakukaa. "Mzee, nina swali moja. Siku niliyosema uongo, mlipiga vigelegele. Siku Mungu aliponirudishia pumzi nyuma ya banda lako la kuku, hakuna aliyepiga. Kwani siku ile hakuwa Mungu?"

Mfano wangu unaishia hapo, kwenye swali.

Ndugu zangu, tusijifiche nyuma ya yule mzee. Sisi ndio tunaowafanya wagonjwa wetu waseme uongo. Tunamkumbatia aliyepona jana, na yule anayemeza dawa mwaka wa kumi tunamwona kama imani yake ina kasoro. Halafu tunashangaa tukimzika. Tunasema, mbona hakutuambia? Angetuambia sisi?

Na mimi ninayesema haya, mchungaji wenu, nina kisukari. Huu ni mwaka wa sita. Vidonge vyangu nimeviweka ofisini ndani ya kopo la majani ya chai, mwinjilisti akiingia asivione. Mwaka jana, baridi kama hii, miguu ilikufa ganzi nikiwa hapa hapa mimbarini, mkaambiwa mchungaji ana uchovu. Haukuwa uchovu. Nilikuwa nimeacha dawa wiki tatu, kwa sababu nilikuwa nimewahubiria juu ya uponyaji na nikaona haya kuonekana dirishani pa famasi. Nimewaona wangapi kati yenu mkikohoa na kujikaza, nikajua, nikanyamaza? Nisameheni. Kama kuna mtu alitupa dawa yake kwa kunisikiliza mimi, kesho asubuhi na mapema arudi zahanati, na akiona haya kwenda peke yake, nitakwenda naye.

Shemasi, fungua madirisha mawili ya nyuma, tutavumilia baridi. Mwenye kifua ahamie huko, na asiulizwe kitu.

Ibada inasimama hapa kidogo. Kama kuna aliye na dawa ya saa hii, iko kwenye mkoba, iko kwenye pindo la kitenge, iko kwenye soksi, aitoe aitumie. Maji yako pale mezani. Tutasubiri.