Makali ya Kisu cha Mzee Kidunda

Hapo zamani, siku ya Jumatano, mwezi ishirini Rajabu, adhana ya alasiri ikiwa bado hewani, Mzee Kidunda alikata roho. Alikuwa mchinjaji wa mtaa. Watu watatu walikuwa kando ya kitanda chake: mkewe Bi Mwamini, mdogo wake Maulidi, na Bi Tausi, jirani wa ukuta mmoja. Wote watatu walimsikia akisema, kabla ya shahada:

"Kisu changu msigawane. Apewe yule atakayekitia makali."

Basi akazikwa. Bi Mwamini akaingia eda. Watu wakaja, wakalia naye, wakaondoka. Nguo za marehemu zikagawiwa, baiskeli ikachukuliwa, kikabaki kisu kile ukutani, mpini wake umelika pale vidole vya mzee vilipozoea kushika. Bi Mwamini akakitazama, akasema moyoni, "Na hiki kikiondoka, nitabaki na nini?"

Akakishusha, akatwaa kinoo, akaketi uani.

Lo! Kunoa alikuona miaka yote ya ndoa, kumbe kuona si kujua. Mumewe alipokuwa akinoa ilisikika shwaa, shwaa. Yeye akinoa ilisikika kwaru, kwaru. Akakisimamisha kisu, makali yakafa. Akakilaza mno, akachubua bapa lote, makali hayakuguswa. Akanoa upande mmoja, akasahau wa pili. Akajaribu kwenye nyanya, nyanya ikapondeka. Akajaribu kwenye kidole, kidole kikatoka damu.

"Kinakata mjane tu," akasema. Hapakuwa na wa kucheka naye, ila mbuzi aliyefungwa uani, ambaye marehemu alimweka achinjwe Idi ya Mfunguo Tatu.

Bi Tausi akachungulia. "Shoga, unanoa au unakwangua ukoko?"

"Usinicheke, Tausi. Njoo."

Bi Tausi alikuwa mpishi wa shughuli, mtu wa visu. Akaja, akamwagia kinoo maji. "Usinoe pakavu. Haya, kilaze. Inua mgongo wake kidogo, ukucha upite chini. Shikilia hapo hapo, mkono usicheze." Akaweka mkono wake juu ya mkono wa Bi Mwamini, wakaenda pamoja, wakarudi pamoja. Bi Mwamini akauacha mkono wake pale. Tangu mazishi hakuna aliyekuwa amemshika mkono.

Bi Tausi akaenda zake. Bi Mwamini akanoa asubuhi, akanoa baada ya adhuhuri, akanoa machozi yakidondokea jiwe. Hata eda ikaisha, na siku moja akasikia: shwaa. Nyanya ikapasuka ganda bila kusukumwa.

"Alhamdulillahi," akamwambia mbuzi, maana ndiye aliyekuwa akizungumza naye.

Ikafika Idi. Wanaume wakiwa kwenye swala, Bi Mwamini akaketi mahali pake pa kila siku, akakipitisha kisu kwenye kinoo kwa mara ya mwisho. Mbuzi alikuwa akitazama. Mara akaanza kuvuta kamba, anatetemeka.

"Tulia, baba. Ni mimi."

"Hodi!" Maulidi huyo, ametoka kuswali. Akasimama mlangoni. "Shemeji! Unanoa mbele ya macho ya mnyama?"

Jambo hilo Bi Mwamini alilijua. Mumewe siku zote alinoa nyuma ya nyumba, mnyama asione. Lakini yeye alikwisha kumfanya mbuzi yule mwenziwe, akasahau kwamba ni wa kuchinjwa. Kisu kikamponyoka, kikapiga saruji, makali yakaingia pengo.

Maulidi akakiokota, akaenda nacho nyuma ya nyumba. Akanoa mpaka pengo likaisha. Akarudi amekificha, akamtuliza mbuzi, akamlaza kuelekea kibla, akataja jina la Mungu. Mkato mmoja tu. Bi Mwamini alikuwa ndani, amegeukia ukuta.

Nyama ilipokwisha kugawiwa wakaketi wale watatu wa kando ya kitanda, kisu katikati, kwenye sinia.

Maulidi akasema, "Makali yaliyochinja leo ni yangu. Yenu yaliishia kwenye saruji. Tena mtaa hauna mchinjaji. Kisu cha kaka kikae ukutani, mimi nichinje kwa kisu butu, wanyama wa watu wateseke?"

Bi Tausi akasema, "Ungenoa nini, Maulidi, kama si mimi? Ungekuta chuma kilichochubuka. Mkono ule niliufundisha mimi. Na kisu changu kimelika, kimebaki kama sindano, nami napikia watu mia. Huyu atakitumia kukata nini? Kitunguu cha mtu mmoja?" Akajuta palepale, akainamisha kichwa.

Bi Mwamini akasema, "Nilikosa mbele ya mnyama. Mungu anisamehe. Lakini nyinyi mlikinoa siku moja moja. Mimi nilikinoa eda nzima. Nikiushika mpini ule, vidole vyangu vinaingia pale pake. Nyumba hii haina mahali pengine ninapomkuta."

Hakuna aliyenyoosha mkono kwenye sinia.

Basi nanyi mliokaa hapa, mngemkabidhi nani kisu hiki: aliyekitolea machozi, aliyeufundisha mkono, au aliyeondoa pengo? Jibuni taratibu, mjane anasikia.

Ewe Mola, mrehemu Mzee Kidunda, mpanulie kaburi lake, ulitie nuru, na wale aliowaacha wapweke uwe Wewe mwenzao. Amina.