Jani la Sale kwa Mlima

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa na nini?

Pakawa na mlima uliovaa kilemba.

Kilemba cha nguo gani?

Cha barafu, alichokifunga Mola kwa kudura yake, na mwanadamu hajui kukifunga tena.

Basi, wajukuu zangu, hapo kale, juu ya mlima ule kulikokoma miti, palikuwa na nchi nyeupe. Hapakuota jani, hapakulia ndege, wala hapakujengwa nyumba. Aliyeitazama kwa haraka alisema ni nchi tupu. Lakini kila tone la maji lililofika migombani lilitoka huko.

Wazee wa kale waliuzungushia ukingo wa barafu masale. Sale ni mmea mwembamba wenye majani marefu, na kwa watu wa mlima ule ndio mpaka, tena ndio msamaha. Mtu akikukosea, akakujia na jani la sale lililofungwa fundo, huna budi kumsamehe, hata kama amemwaga damu ya nduguyo. Ukikataa, laana ni yako. Naye aliyelibeba jani haliweki chini, wala haachi kuomba, mpaka lipokewe.

Barafuni ndiko ulikoanzia mfongo, ndio mfereji uliochimbwa na mababu, ukayateremsha maji mpaka mashambani. Mtunza mfongo alikuwa mwanamke, jina lake Aikande. Babake hakuacha mtoto wa kiume, alimwachia yeye kazi, na pamoja na kazi neno moja: "Juu ya masale halipiti jembe ila kwa kauli yako."

Siku moja likaja zimwi, jina lake Mlamawe. Meno yake mekundu kama chuma kitokacho motoni, na kila lilipokanyaga nyasi zilikauka. Likasimama uani kwa Mangi Kimboka, mtawala wa nchi ile, likatupa chini jembe jipya. Jembe likalia ngaa!

"Chini ya barafu yenu kuna chuma," likasema. "Nipeni shimo moja, upana wa ungo. Kila nyumba itapata jembe, nami nitakula mawe yatakayobaki. Njaa yangu ni hiyo tu."

Watu wakatazamana. Wala msiwadhanie kuwa walikuwa walafi, wajukuu zangu. Majembe yao yalikuwa yamelika mpaka yamekuwa kama vijiko. Wanawake walilima kwa vijiti, viganja vikivuja damu.

Mangi Kimboka alikuwa amemwoa dada yake Aikande. Akamgeukia Aikande, akasema, "Shemeji, kauli ni yako. Lakini kabla hujaitoa, itazame mikono yako."

"Mikono yangu naijua, Mangi. Barafu ndiyo nisiyoijua."

"Huko juu kuna nini cha kujua? Hata fisi hapiti!"

"Fisi hapiti, maji yanapita."

"Shimo la upana wa ungo, shemeji! Tangu lini tembo akafa kwa mwiba?"

Watu wakacheka. Aikande akaitazama mikono ya wanawake waliosimama uani, kisha akaitazama yake. Ilikuwa na malengelenge juu ya malengelenge. Akawaza: Je, babangu aliniachia neno lile niwalinde watu hawa, au niwatese?

"Shimo moja," akasema. "Upana wa ungo."

Na kauli ikishatoka, wajukuu zangu, haina mkia wa kuishikia.

Basi zimwi likapanda mlimani, na majembe yakateremka. Yalikuwa majembe mazuri, sitawadanganya. Watu wakalima, wakaimba.

Kisha likatokea jambo la ajabu. Ilikuwa kiangazi, nao mfongo ukafurika. Mlangoni mwa mfongo palikuwa na jiwe ambalo babake Aikande alilichonga alama, apate kujua kimo cha maji. Alama ile ikazama.

"Mlima umefurahi!" watu wakashangilia. "Shimo limetuletea baraka!" Wakafungua mashamba mapya, wakapanda migomba mpaka bondeni.

Aikande hakuimba. Alikaa kando ya jiwe lile akiyatazama maji, akawaza: Chungu nacho kikipasuka hutoa maji mengi.

Kesho yake zimwi likaja mlangoni pake. Mkononi lilishika jani la sale lililofungwa fundo.

"Nimekosa, mama, nisamehe. Ungo wangu ulikuwa mpana kidogo."

Aikande angefanya nini? Jani ni jani. Akalipokea, akasamehe. Zimwi likarudi juu.

Mwezi ukapita, maji yakaja mekundu. Zimwi likaja tena na jani.

"Nimekosa, mama, nisamehe. Shimo lile limezaa pacha."

"Mashimo tangu lini yakazaa?" akauliza Aikande.

"Yangu huzaa," likasema zimwi, likacheka mpaka cheche zikaruka. Akalipokea jani, akasamehe, japo moyo wake ulikuwa mzito kama tofali bichi.

Mwezi mwingine ukapita. Maji yakashuka, yakafika kwenye alama. Yakashuka tena, yakawa chini ya alama. Yakashuka tena, mpaka vyura wakahama. Migomba ya bondeni ikainama kama watu waliofiwa. Mangi mwenyewe akaja kwa Aikande na kibuyu kikavu mkononi, na nyuma yake watu wote.

"Shemeji," akasema, na safari hii hakuwa na utani, "maji yako wapi?"

"Tumekwisha kuyanywa, Mangi. Ule wingi tulioushangilia ulikuwa wa wajukuu zetu."

Kabla Mangi hajajibu, zimwi likatokea na jani la tatu.

"Nimekosa, mama, nisamehe."

Aikande akaunyoosha mkono alipokee, ghafla akaurudisha. Ncha za jani lile zilikuwa nyeupe, zimeungua kwa baridi. Hapakuwa na sale lenye ncha kama zile ila masale ya mpakani, kule kwenye ukingo wa barafu. Akafahamu. Zimwi lilikuwa likiung'oa mpaka, na kwa majani ya mpaka ule ule likiomba radhi ya kuuvuka.

Akaificha mikono yake nyuma ya mgongo. Watu wakaguna kwa hofu.

"Shemeji, pokea!" Mangi akanong'ona. "Usituletee laana juu ya kiu!"

"Sikukataa msamaha," akasema Aikande. "Nauliza tu, ni wa nani wa kuutoa. Mtu akimwibia jirani, huenda kuomba radhi kwa mpita njia? Mlamawe, mimi hukunivunja mfupa. Uliyemkosea ni mlima. Jani hili lipeleke kwake. Akilipokea, sisi nani tukatae?"

Zimwi likacheka. "Mlima hauna mkono, mama! Nani alipokee?"

"Hiyo ni shauri yako. Jani umelibeba wewe."

Hapo zimwi likaukung'uta mkono. Likataka kulitupa jani, jani halikubanduka kiganjani. Likataka kwenda zake, njia zote zikajifunga, ikabaki ya kupanda tu. Maana ada ile ya jani lilikuwa limeila mara mbili, na ukiila ada, nayo ina haki ya kukushika.

Basi likapanda mpaka katikati ya barafu, likasimama, likaita, "Nimekosa, nisamehe!" Kimya. Likaita, "Nimekosa, nisamehe!" Kimya. Likaita mara ya tatu, nayo sauti yake ikiwa nyembamba, "Nimekosa, nisamehe!" Kimya.

Moto wa nyayo zake ukanywewa na barafu kidogo kidogo. Magoti yakaganda, kifua kikaganda, mkono ulioshika jani ukaganda. Watu walipopanda kutazama, walikuta jabali jeusi, limenyoosha mkono.

Mtasema, basi maji yakarudi? Hayakurudi yote. Kilemba cha mlima kilikuwa kimebaki kofia, nayo ndiyo iliyopo. Mashamba ya bondeni yaliachwa, na Mangi Kimboka akawa wa kwanza kuliacha lake. Kwa majembe yale yale ya zimwi watu walichimba, wakayarudisha masale kwenye ukingo.

Naye Aikande, kila mwaka kiangazi kilipoanza, alilifunga fundo jani moja, akapanda mpaka mpakani, akasimama kuikabili barafu tangu asubuhi. "Kauli ilikuwa yangu," alisema. "Nimekosa, nisamehe." Jua lilipokuchwa alilitia jani kifuani, akarudi nalo nyumbani. Kila mwaka alirudi nalo.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyeisikia ailinde kama mpaka.

Na mafunzo yake ni haya: radhi huombwa kwa uliyemkosea, si kwa mpita njia, na kitu usichoweza kukiumba tena, usikitoboe, hata kwa upana wa ungo.