Maboga ya Posa

Haya, mmeshaanza. Kunde hazijachambuliwa, jiko halijawashwa, nanyi mmenitolea macho kama vifaranga: bibi tupe hadithi, bibi tupe hadithi. Mnadhani mdomo wangu ni redio? Na aliyewachochea ni huyu binti hapa, ambaye kijana wa jirani anamletea miwa kila jioni. Miwa anaila, kijana hamtaki, na kumwambia anaona haya. Basi kaeni. Kila mmoja avute kunde zake, mikono ifanye kazi wakati masikio yanastarehe. Atakayenikatiza atachambua na za mwenzake.

Mwaka mmoja jua liliwaka kama lililotumwa. Majani yalikauka, vijiti vikakauka, mwisho hata nzi wakahama. Mto ulibaki mchanga mtupu. Wanyama wengi waliifuata mvua ilikokimbilia, na waliobaki waliishi kwa kisima kimoja tu kilichochimbwa katikati ya mchanga ule. Kisima kilikuwa cha marafiki wawili, Nungunungu na Fisi.

Nungunungu alikuwa na pua. Alitembea juu ya mchanga akinusa, akiguguna mzizi huu, akitema ule, hata aseme, "Hapa." Fisi naye alikuwa na mikono. Akiambiwa hapa, alichimba mpaka umwone mkia tu. Bila pua ile, Fisi angechimba vumbi mpaka afe. Bila mikono ile, Nungunungu angekaa juu ya maji, akayanusa, akafa kwa kiu. Mchanga uliporomoka kila siku, na kila alfajiri walichimba upya. Nungunungu alimwita Fisi "kaka", Fisi alimwita Nungunungu "mwenzangu", na kazi ilikwenda kwa vicheko, ingawa kicheko cha Fisi mnakijua, si cha kusikiliza kabla ya chai.

Siku moja Fisi akaacha kuchimba, akawa anamtazama.

"Kaka, mchanga uko huku," Nungunungu alimwambia.

"Nauona," Fisi akasema, na wala hakuuona.

Amependa. Kapenda nini, msiniulize. Nungunungu mwenyewe aliijua sura yake: miguu mifupi, meno ya njano, na mgongo mzima miiba. Fisi hakujiuliza hata mara moja atamkumbatia vipi. Wanaume wakishapenda hawapigi mahesabu ya namna hiyo, wanakuja kuyapiga wakishachomwa.

Sasa, pori lile lilikuwa na utaratibu wake. Mwanamume haendi kusema mwenyewe, anatuma mshenga na kitu mkononi. Kitu kikipokelewa, posa imekubaliwa. Kikirudishwa kizima, posa imekataliwa, na hakuna aliyeaibika kwa sababu hakuna aliyeambiwa neno usoni. Na mpaka mshenga amalize kazi yake, wale wawili hawalitaji jambo hilo hata wakikaa mkeka mmoja. Utaratibu mzuri kabisa. Ungewafaa sana kama Fisi angemtuma kiumbe mwingine yeyote duniani.

Alimtuma Sungura.

"Wewe una maneno," Fisi alimwambia. "Mimi nikifungua mdomo watu wanakimbia."

"Maneno ninayo, Bwana Fisi. Una nini cha kutanguliza?"

Fisi akaenda kwa Ngiri, aliyekuwa na akiba ya maboga, akampa ngozi nzima ya punda milia ili apewe boga moja. Akalibeba kwa meno njia yote, mate yakimdondoka mpaka magotini, asilitie jino. Fisi huyo! Waliomwona walishika vichwa. Walidhani anaumwa.

Sungura akalifikisha boga mlangoni kwa Nungunungu, akalitua, akakohoa kiungwana. "Dada, nimetumwa. Na aliyenituma unachimba naye kila siku."

Nungunungu alilitazama boga, moyo ukamshuka. Alimpenda Fisi, ndiyo, kama unavyompenda mtu mliyetoka jasho pamoja. Lakini kumweka ndani? Na ile mifupa yake aliyoitunza kama vyombo vya harusi? Na kicheko kile ndani ya shimo lisilo na dirisha? Lakini hata hayo tuyaache. Hakumtaka, basi. Hiyo ni sababu nzima, binti, haihitaji kutafutiwa mwenzake.

Alichoogopa ni alfajiri. Akimjibu vibaya, Fisi atasusa. Fisi akisusa, hakuna wa kuchimba.

"Mrudishie boga lake zima," alisema. "Mwambie hana kasoro. Mwambie yeye ni kaka yangu, na kaka siwezi kumgeuza mume. Tukutane kisimani kama kawaida. Useme taratibu, Sungura, usimcheke."

"Maneno matamu hivi, dada! Hata mimi natamani ningekataliwa na wewe."

Sungura akaondoka na boga. Alipofika nyuma ya kichaka cha kwanza, harufu ikampanda puani. Akalitua apumzike. Akalionja ajue tu. Akaliona limeshapungua, na boga lililopungua halirudishwi kwa mwenyewe, ni aibu. Basi akalimaliza, ili kuondoa aibu.

"Amesemaje?" Fisi alimrukia.

"Mwanamke wa heshima anasema siku ya kwanza? Ameguna."

"Ameguna vipi?"

"Vizuri."

"Na boga amelichukua?"

"Kwani unaliona hapa?"

Fisi akacheka mpaka ndege wakaruka mitini.

Alfajiri iliyofuata Nungunungu alikwenda kisimani akitarajia kukuta mchanga umelala na Fisi hayupo. Akamkuta ameshachimba, tena anaimba. Moyo ukamtulia. Alisema kimoyomoyo: jamani, kumbe muungwana, amelipokea vizuri hivi! Alitamani amshukuru, lakini utaratibu ulimziba mdomo. Basi badala ya neno akampa wema. Alimpangusa tope mgongoni, akamwachia maji ya kwanza. Na hilo lilikuwa kosa lake yeye, silifichi. Umemkataa mtu jana, leo unampangusa mgongo, unataka aelewe nini?

Fisi alielewa alichotaka kuelewa. Jioni ile ile akampa mshenga sega la asali alipeleke.

"Tena?" Nungunungu alimuuliza Sungura. "Si nilishajibu?"

"Anasema hakusikia vizuri. Mapenzi yamemziba masikio."

"Basi mwambie tena, na safari hii usipambe. Siolewi naye. Asali hii hapa, sijaigusa."

"Nitamwambia hivyo hivyo, dada, neno kwa neno."

Neno kwa neno lilifika nyuma ya kichaka likaishia pale, likiteremshwa kwa asali. Fisi akaambiwa mambo yanaiva. Likaja boga jingine, na jingine, kila siku Nungunungu akirudisha, kila siku Fisi akiambiwa asubiri kidogo. Alipoishiwa ngozi alitoa pembe, pembe zilipokwisha akatoa mifupa yake ya akiba, yeye mwenyewe halali wala hali, mbavu zinahesabika. Na katika njaa ile ya nchi nzima kukawa na kiumbe mmoja tu aliyeota kitambi.

"Umenawiri, mshenga," Nungunungu alimwambia siku moja.

"Ni uvimbe, dada. Dhiki inanivimbisha."

Mwishowe Sungura akawaza: maboga ya Ngiri yanakaribia kwisha, na uongo wangu nao. Heri niyakombe yote mara moja, nihamie kwenye mvua. Akamwendea Fisi.

"Shemeji! Niite shemeji! Amekubali!"

Fisi akakaa chini kwa mshtuko.

"Limebaki jambo moja. Anataka maboga yote ya Ngiri, ya kulishia wageni. Na kwao mume ndiye anayehamia kwa mke."

"Sina tena cha kumpa Ngiri."

"Una pango. Mtu anayehamia kwa mkewe, pango la nini?"

Fisi akamwachia Ngiri na wanawe pango alilozaliwa ndani yake, akayakabidhi maboga yote kwa mshenga. Sungura akayaingiza shimoni kwake, akala kwa pupa ili awahi safari, akala mpaka akashindwa kusimama. Hapo ndipo ujanja ulipomtupa mkono. Alidhani bwana harusi atajipa muda wa kujitengeneza. Lakini Fisi na subira walishaachana zamani. Asubuhi iliyofuata alimtoa Sungura kitandani kwa kumvuta sikio. "Twende! Mshenga ndiye anayetangulia!"

Nungunungu alisikia gogo likipigwa nje ya mlango wake. Akachungulia. Watoto wa Ngiri wanapiga gogo, Ngiri anacheza kwa makalio, Sungura yuko mbele anahema kama amebeba kinu, na nyuma yao Fisi amejivisha mashada ya mimea iliyokauka, anatabasamu meno yote. Na aliyekaa katikati ya njia, nywele zimechanwa, uso juu, ni Simba.

"Nimealikwa na bwana harusi," Simba alisema. "Nimetembea juani. Mnajua ni heshima kiasi gani mimi kutembea juani? Sijaona kiti, wala sijaona nyama."

Miiba ya Nungunungu ilisimama yote. Watu wote wanangoja neno lake. Akiitikia kwa huruma, ameolewa. Akifoka mbele ya kadamnasi, Fisi atavunjika, na kisima kitavunjika naye. Akavuta pumzi. Mwiba mmoja mmoja ukalala.

"Mzee Simba, nipe nafasi kidogo nizungumze na kaka yangu."

"Kaka?" alisema Simba, akamtazama Ngiri. Ngiri akaacha kucheza.

Nungunungu akampeleka Fisi nyuma ya kichuguu.

"Fisi, mimi sikukubali."

"Ulipokea..."

"Nilirudisha. Kila kitu, kizima, tangu boga la kwanza. Lakini nilipaswa kukwambia mwenyewe. Nilijificha nyuma ya mshenga kwa sababu niliogopa kukukosa. Sasa nakwambia kwa mdomo wangu. Sikutaki kwa ndoa. Si leo, si mvua ikinyesha. Usiningoje."

Fisi aliinamisha kichwa. "Ni kwa kuwa nanuka?"

"Unanuka, kaka. Lakini hata ungeoga, ningekataa."

"Na kisima?"

"Kisima ni chetu wawili. Ukija, utanikuta. Usipokuja, sitakulaumu."

Fisi akalia. Bahati mbaya Fisi akilia ni sawasawa na akicheka, hivyo wageni upande wa pili wakapiga vigelegele. Nungunungu akamngoja anyamaze. Hakumpangusa machozi wala mgongo, alishajifunza. Fisi alilia, akapenga kamasi, kisha kitu kikamjia, na ile asili yake iliyolala siku zote zile ikaamka.

"Sasa maboga yangu yako wapi?"

Wakatoka pamoja. Sungura alipoona nyuso zao alitaka kuruka, tumbo likamkatalia.

"Mshenga," Nungunungu akasema, "eleza ulivyokuwa ukirudisha vitu."

"Nilirudisha, dada! Ila njiani, nikivuka mto, vilinidondoka. Maji yakavichukua."

Simba akageuza kichwa, akautazama mchanga mweupe unaochemka kwa jua, toka mwanzo wake mpaka mwisho wake.

"Mto upi?" aliuliza.

Fisi alimsogelea Sungura, pua kwa pua. "Pumua."

"Bwana Fisi, nina mafua..."

"Pumua!"

Sungura akapumua. Fisi huyu ana pua ya kunusa mzoga ulioko ng'ambo ya mlima, ila mapenzi yalikuwa yamemziba. Sasa ilizibuka. "Boga," akasema. "Boga. Asali. Boga."

Simba akajinyoosha. "Nilikuja kula harusi, na harusi hakuna. Lakini naona hapa yuko mmoja aliyenona."

"Mzee, mimi ni mifupa!" Sungura alilia.

"Ulikuwa," alisema Simba.

Nungunungu akaingilia. "Mzee, ukimla, wewe utashiba mpaka jioni, na Fisi atabaki hana pa kulala. Pango lake limekwenda kwa ajili ya maboga aliyokula huyu. Huyu alipe nyumba."

Simba alifikiri, au alijifanya kufikiri. "Ndivyo nilivyokuwa nimeshaamua," akasema, akaondoka na njaa yake, akitembea polepole ili wote wamwone.

Kisimani kesho yake Fisi alichelewa. Nungunungu alikaa juu ya mchanga ananusa maji asiyoweza kuyafikia, jua likapanda, ulimi ukamkauka. Alishaanza kugeuka nyumbani aliposikia hatua. Fisi hakumwamkia, hakumtazama. "Wapi?" aliuliza tu.

"Hapa, kaka."

Akachimba. Siku nyingi alichimba bila kucheka, na Nungunungu hakumlazimisha.

Sungura yeye alilipa siku ile ile ya harusi, bila kupewa muda. Alikuwa na shimo zuri kuliko yote porini, kavu, lenye milango miwili na nyasi laini chini. Alitolewa akiwa mikono mitupu. Fisi akaingia, akayala maganda na mbegu zilizobaki sakafuni, akalala katikati, akakoroma. Tangu hapo Sungura hana shimo. Analala juu ya nyasi, umande wote wake, jua lote lake, masikio wima na jicho moja wazi, na kila Fisi anapocheka kule ndani ya nyumba ile, mwenye nyumba wa zamani anaruka huku nje.