Nyuki wa Kwenye Boriti

Wapendwa, kulikuwa na mkulima mmoja aliyekitangazia kijiji kizima kwamba kwenye harusi ya binti yake soda haitaingia. Wageni watakunywa juisi ya pesheni ya shambani kwake mwenyewe, na wakwe watarudi kwao wakisimulia. Nanyi mnajua, ukishajigamba mbele ya wakwe hakuna kurudi nyuma!

Miche ikakubali, ikatambaa, ikatoa maua shamba zima. Bwana yule akawa anapita katikati ya mistari huku akiimba pambio.

Ila nyumbani alikuwa na ugomvi na wale nyuki weusi wakubwa wanaotoboa mbao. Walitoboa boriti za jikoni mpaka unga wa mbao ukawa unamdondokea kwenye chai. Siku moja uvumilivu ukamwisha. Akapanda ngazi na dawa ya wadudu na ndoo ya saruji, akapuliza, akaziba kila tundu.

"Leo nakunywa chai yangu kwa amani!" akasema.

Akainywa kweli. Lakini shambani maua yakaanza kupukutika. Ua linachanua adhuhuri, jioni limejifunga, kesho liko chini, wala tunda hulioni. Akatia mbolea, akamwagilia. Wapi! Na harusi imebaki miezi mitatu. Akafunga na kuomba siku tatu, kisha akamwita mchungaji wake shambani.

"Mchungaji, mwambie Bwana atume msaada. Nitaaibika mimi!"

Mchungaji akaomba hadi jasho likamtoka. Waliposema amina, mke wa mkulima akashindwa kujizuia.

"Mchungaji, msaada ulishatumwa. Huoni kwa jirani? Banda lake la mbuzi limetobolewa kama chujio, na pesheni zake zimening'inia tele. Wale nyuki ndio wanaobeba unga wa ua hili kupeleka ua lile. Wa kwetu wako jikoni juu, baba watoto amewazika kwa saruji."

Mkulima akakuna kichwa. "Sasa nifanyeje, mama?"

"Shika unyoya wa kuku, ukafanye kazi yao."

Basi kila adhuhuri mzee mzima yuko juani na unyoya, anatekenya ua moja moja, shingo imekakamaa, majirani wanapita wakimpa pole huku wameziba midomo. Siku ya harusi wakwe walipata nusu glasi kila mmoja. Wengine wote walikunywa maji.

Mnacheka? Chekeni, hata mimi nimecheka. Lakini sisi je? Ni mara ngapi tunapiga magoti kumwomba Mungu kitu, na panga liko mkononi?

Maana nina barua hapa ya kamati yetu ya ujenzi. Inaomba Jumatatu tukafyeke kile kichaka cha nyuma ya kanisa, ati kinaharibu sura. Kichaka ambacho chemchemi yetu inatokea ndani yake. Na Ijumaa, wapendwa, kamati hiyohiyo imetangaza maombi ya kufunga, chemchemi isikauke.

Niambieni, Jumatatu nani anakuja na panga?